Fundo Nyuma ya Dashibodi

Msomaji, ule mkono bado uko palepale tulipouacha wiki iliyopita: nyuma ya dashibodi ya gari dogo la kijivu, umezama hadi kwenye kiwiko, na vidole vimegusa fundo.

Kama ndiyo kwanza unatukuta njiani, usihangaike. Mwenye mkono huo ni Bi Barafu, fundi wa AC za magari, mjane tangu mwaka juzi. Lori lililompakia mume wake lilitumbukia mtoni wakati wa mafuriko. Dereva alipatikana. Mume hakupatikana. Watu walimsubiri mpaka wakachoka, mwisho wakakusanyika kumlilia mbele ya ovaroli lake la bluu. Ovaroli hilo limetundikwa msumarini gerejini hadi leo, na Jumamosi hii Bi Barafu anaolewa na jirani yake wa kazi, fundi bodi aitwaye Nyundo.

Sasa turudi kwenye fundo.

Kila AC ya gari ina mpira mwembamba wa kumwaga maji. Baridi inapotengenezwa maji hudondoka, na mpira huo huyapeleka chini ya gari. Klipu yake ni kitu cha ovyo, haikai. Mafundi wengi hufunga waya. Mume wa Bi Barafu alikuwa akikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, anauzungusha mara tatu, kisha anauchomeka kwa chini, kutoka kushoto, kwa sababu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Hakuna fundi mwingine aliyefunga hivyo. Alijaribu sana kumfundisha mkewe, mkewe akashindwa.

Na fundo lililokuwa chini ya vidole vyake lilikuwa limezungushwa mara tatu, likachomekwa kwa chini, kutoka kushoto. Tyubu yenyewe ilikuwa bado laini, ya juzijuzi.

Bi Barafu alingoja moyo uruke. Haukuruka. Tangu siku ile ya mafuriko moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na yeye alishauzoea hivyo.

"Dada fundi, kuna tatizo?" mteja akauliza kutoka kwenye benchi.

"Hapana."

"Mbona umenyamaza?"

"Nikiwa huku chini huwa naongea na boliti tu."

Mteja akacheka. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mjamzito wa miezi ya mwisho, uso mviringo, miguu imevimba ndani ya ndala. Alikuwa amefika asubuhi akilalamika kwamba AC inatoa joto na maji yanamdondokea miguuni. Bi Barafu alishatoa gesi kwa mashine, akakata betri, akafungua droo ya dashibodi na kuiweka pembeni pamoja na vikorokoro vyake, akalegeza mabomba mawili yanayopita kwenye ukuta wa injini na kuyaziba midomo kwa nailoni ili unyevu usiingie. Boliti zote zilikuwa nje. Boksi zima, lenye feni na lile sinia la mabomba membamba wanaloliita evapureta, lilikuwa limeshikiliwa na kitu kimoja tu.

Fundo.

"Hii AC imewahi kufunguliwa," Bi Barafu akasema. Sauti yake ilitoka kawaida kabisa, mwenyewe akaishangaa. "Nani aliifungua?"

"Mume wangu."

"Mume wako."

"Ndiyo. Naye ni fundi wa mambo ya baridi kama wewe. Aliifungua mwaka huu huu, ule mpira wa maji ulikuwa umeziba." Mteja akajipepea kwa kipande cha boksi. "Angekuwepo asingeniacha niende kwa fundi mwingine, maana ana wivu na gari hili kuliko na mimi. Lakini yuko kazini, wanafunga mitambo ya chumba cha baridi huko kwetu."

Nyuma ya ukuta wa mabati, Nyundo alikuwa akigonga. Kwa kawaida Nyundo hugonga tangu anapofika hadi anapoondoka, na watu wa mtaa ule walishaacha kumsikia.

"Anatumia mkono gani?" Bi Barafu akauliza.

"Nani, mume wangu?" Mteja akaacha kujipepea. "Kushoto. Umejuaje?"

"Boliti zimekazwa kwa upande."

Uongo mtupu, msomaji. Boliti haijali mkono. Lakini mteja alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mtaalamu.

Bi Barafu akachukua wembe. Akaupeleka kwenye tyubu, ukasimama. Mkono ulisimama tu, kama wa mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Ukweli ni kwamba hapakuwa na njia nyingine. Bila kukata fundo, boksi halitoki, na bila boksi kutoka, mwanamke huyu mzito ataendesha kwenye joto lile njia nzima.

Akakata.

Boksi likaangukia kifuani pake kwa uzito wake wote. Akalikumbatia, akajitoa nalo chini ya dashibodi, akalilaza juu ya meza. Kipande cha tyubu alikitia mfukoni.

"Umeolewa siku nyingi?" akauliza huku akifungua vibanio vya boksi.

"Mwaka na kitu. Mimi ni mke wa pili, lakini si mke mwenza," mteja akasema haraka. "Wa kwanza alifariki."

Bi Barafu akafungua kibanio kimoja, kisha kingine.

"Pole yake. Alifariki kwa nini?"

"Ajali. Lori lilitumbukia mtoni, mwaka ule wa mafuriko. Mwili haukuonekana. Mume wangu hapendi kulisema hilo, ukimgusia anatoka nje." Mteja akashusha sauti kama wanavyofanya watu wanapowasema marehemu. "Nasikia alikuwa mwanamke mzuri. Mchapakazi. Huwa namuombea."

Hebu simama hapo kidogo, msomaji. Yule bwana alikuwa ameshika kifo chake mwenyewe, kizima kizima, lori na mto na mafuriko, akamvalisha mkewe. Hakuona hata haja ya kubadilisha gari.

Bi Barafu akafungua kibanio cha mwisho. Boksi likagawanyika vipande viwili na evapureta ikajitokeza, imejaa vumbi na nywele za zulia, na upande mmoja ina doa la mafuta linalong'aa. Akaligusa kwa kidole.

"Hapa ndipo gesi inapovujia," akasema. "Nitakuwekea nyingine."

"Asante kwa kuniombea" ndiyo iliyomjia mdomoni, lakini aliimeza. Hakuwa na hasira. Alitafuta hasira, akakuta mahali pake pako wazi.

"Itachukua muda?" mteja akauliza. "Maana nimekuja kumchukua mama mkwe. Anakuja kunisaidia nikijifungua, na mgongo wake hauwezi kupanda basi na mizigo. Tuliahidiana tukutane stendi ya barabara kuu. Mume wangu alinikataza kabisa kuingiza gari mjini, eti mafundi wa huku wezi."

"Mama mkwe wako anakaa mji huu?"

"Kwa jamaa yake fulani. Sijawahi kufika. Yeye ndiye hutujia, kila mwisho wa mwezi." Mteja akatoa simu. "Ngoja nimwambie nimekwama, asije akaniungulia na jua."

Akabonyeza, akaiweka sikioni.

Simu ikaita. Iliita sikioni mwa mteja, na iliita mlangoni pa gereji.

Wote wawili wakageuka. Getini alisimama mwanamke mtu mzima, kitambaa kichwani, kapu la chakula mkononi. Simu ilikuwa inaita ndani ya kapu, kati ya hotipoti na chupa ya chai, na yeye hakuipokea. Alikuwa amemtazama yule mjamzito kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta bahari.

Mwanamke huyo Bi Barafu alimjua vizuri. Alikuwa akiishi naye chumba cha pili. Alikuwa akimchemshia maji ya kuoga. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akimsindikiza stendi, aende kwa dada yake mgonjwa. Alikuwa mama mkwe wake.

"Mama!" mteja akasema kwa furaha, simu bado sikioni. "Umejuaje niko hapa?"

Mama mkwe akafungua mdomo. Kapu likaanza kuinama, na chupa ya chai ikalalia ukingo.

Hapa ndipo ungetegemea mwanamke apige ukelele hadi mtaa ujae. Nami nilitegemea hivyo. Lakini Bi Barafu alipiga hatua mbili, akalipokea kapu kabla halijaanguka, akasema kwa sauti ileile ya boliti:

"Mama huyu hutuletea chakula sisi mafundi. Kumbe ndiye mkweo? Dunia ndogo. Kaa, mama, utaanguka."

Mama mkwe akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa.

"Kweli, mama?" mteja akasema. "Unapika chakula cha kuuza, na mgongo huo? Mwanao anajua?"

"Hajui," mama mkwe akasema. Hilo angalau lilikuwa kweli.

"Nitamwambia. Haiwezekani." Mteja akainuka, akashika kiuno. "Dada fundi, samahani, choo kiko wapi? Huyu mtoto amenikalia kibofu tangu asubuhi."

"Nyuma ya mabati, kushoto. Mwambie yule bwana mwenye nyundo akupe ufunguo."

Ndala zikaburuzika hadi nyuma ya mabati. Nyundo ikanyamaza, funguo zikalia, nyundo ikaendelea.

Bi Barafu akarudi mezani. Akaitoa evapureta mbovu, akaanza kupangusa mota ya feni, jani moja baada ya jingine. Hakumtazama mama mkwe.

"Yu mzima?"

"Mzima."

"Kila mwisho wa mwezi ulikuwa unakwenda kwake."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mimi nikikufungia vitafunio vya mgonjwa."

Mama mkwe akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa. "Alikuwa anavila yeye," akasema humo ndani ya kitambaa. "Sikuwa na pa kuvitupa."

Feni ilizungushwa kwa kidole. Ilikuwa na mchanga kidogo, lakini mota nzima. Bi Barafu akaiweka pembeni.

"Alisombwa?"

"Alisombwa, akashika mti. Watu wa chini ya mto wakamtoa, akalala kwao mguu umevunjika. Alipoweza kusimama akanitafuta mimi." Mama mkwe akashusha kitambaa. "Akaniambia kwamba safari ile ya lori haikuwa ya kazi. Alikuwa anakwenda kwa huyu binti. Walishajuana. Akaniambia, mama, watu wamekwisha kunililia, itakuwaje niwafufukie?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, nenda kwa mkeo ukaseme kwa mdomo wako, au ukae hivyohivyo ulivyokufa. Mimi sitakusemea." Akapangusa macho. "Nilidhani atakwenda. Nilimzaa, nilidhani namjua."

"Kwa nini ulibaki kwangu?"

Mama mkwe akageukia mabati. Nyundo aligonga, akagonga.

"Niliona aibu," akasema. "Mmoja wetu ilibidi abaki."

Bi Barafu akaichukua evapureta mpya kwenye boksi lake, akaipuliza vumbi la njiani. Akaisukuma mahali pake, ikakaa.

"Na Nyundo? Ni wewe uliyenisukuma kwake. Umesema kila siku, mwanangu, huyu ni mtu, huyu ni mtu."

"Ni mtu."

"Unanioza huku unajua mume wangu anakula vitafunio vyangu."

"Nilitaka nikuache mikononi mwa mtu kabla sijaondoka kwako kabisa. Ningerudi arusini, nikuambie baada ya Jumamosi."

"Baada ya Jumamosi ningekuwa na waume wawili."

Mama mkwe akajifunika tena uso kwa kitambaa.

Sasa mota ya feni ilihitaji kitambaa safi, maana mafuta ya mkononi yakibaki kwenye majani yake gari litanuka hadi mwakani. Bi Barafu akaangaza meza nzima. Vitambaa vyote vilikuwa vyeusi. Akainua macho, akaliona ovaroli la bluu msumarini.

Akaenda, akalishusha.

Hakuna mkono uliokuwa umeligusa ovaroli lile tangu siku ya kilio. Nyundo mwenyewe alipopaka rangi ukuta huo mwezi uliopita alipaka kulizunguka, na nyuma yake kulikuwa kumebaki alama ya mtu asiye na kichwa, ya rangi ya zamani. Bi Barafu akashika mguu mmoja wa ovaroli, akauchana kuanzia pindo hadi gotini. Kitambaa kilikuwa kizuri bado. Kilichanika kwa kelele.

Nyundo ikanyamaza.

Safari hii haikuendelea. Kitambo kidogo mwenye nyundo akatokea pembeni ya mabati, mtu mpana, vumbi la putty, ile lipu ya kuzibia mabonyeo ya bodi, hadi kwenye kope. Akautazama ukuta, kisha kitambaa mkononi mwa Bi Barafu, kisha mama mkwe aliyekuwa akilia bila sauti juu ya ndoo yake.

"Umelishusha," akasema.

"Nilihitaji kitambaa."

"Vitambaa nnavyo mimi."

"Nataka hiki."

Nyundo akafikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku alipomchumbia alisema tu kwamba geti jekundu limechakaa, akalipaka kijani, kisha akauliza kama angependa wawe wanapita pamoja geti hilohilo wakirudi nyumbani. Bi Barafu alikubali kwa sababu hakuona sababu ya kukataa, na wakati huo kutoona sababu kulimtosha.

"Nyundo," akasema sasa, akipangusa feni kwa mguu wa ovaroli. "Jumamosi ingoje kwanza."

"Ingoje hadi lini?"

"Hadi nijue mimi ni mjane au ni mke wa mtu."

Nyundo hakushtuka. Alimtazama mama mkwe kwa muda, na uso wake ukaonyesha kwamba jambo limemwingia, taratibu, kama msumari kwenye mbao ngumu.

"Yule mgonjwa wa mwisho wa mwezi," akasema.

"Ndiye."

"Na huyu mama aliyeko chooni?"

"Hajui lolote. Ameambiwa mimi nilikufa mtoni."

Nyundo akaketi juu ya tairi. Akaiweka nyundo chini kati ya miguu yake, na huko si kawaida yake.

"Mimi nimezoea kungoja," akasema. "Putty isipokauka hupaki rangi. Lakini uniambie wewe mwenyewe. Nisije nikasikia mtaani."

"Nitakuambia mimi mwenyewe."

Ndala zikarudi. Mteja akatokea akijikung'uta maji mikononi, akawakuta wote watatu wametulia, mama mkwe macho mekundu.

"Mama, unalia?"

"Vumbi la rangi," mama mkwe akasema.

"Dada fundi, tumefikia wapi?"

"Tunarudisha."

Na kweli alirudisha. Alifunga vibanio vya boksi, kimoja kimoja. Akatia tone la mafuta kwenye vipete vya mpira vya mabomba. Akaingia tena chini ya dashibodi, boksi kifuani, akalisukuma juu mpaka likaingia kwenye nafasi yake, akalishika kwa goti huku akizikaza boliti. Akachomeka waya wa feni. Kikabaki kitu kimoja.

Akakata ukanda mpya wa tyubu. Akauzungusha kwenye mpira wa maji mara tatu. Akajaribu kuuchomeka kwa chini kutoka kushoto, vidole vikakataa, kama vilivyokataa siku zote. Akauchomeka kwa kulia, akavuta.

Alitoka, akakaza mabomba, akaunganisha betri, akawasha mashine ya kuvuta hewa. Ikawa inanguruma. Baada ya hapo gesi iliingia, injini ikawashwa, na Bi Barafu akaweka kiganja mbele ya tundu la katikati. Upepo ulikuja vuguvugu, kisha wa kawaida, kisha baridi, baridi kabisa, hadi kwenye kucha.

"Jamani, raha," mteja akasema, akiingiza uso wake wote kwenye upepo.

Hapo simu yake ikaita.

"Ni yeye," akasema. "Nilimtumia ujumbe kwamba niko kwa fundi. Ataniua." Akabonyeza, akaweka sauti ya nje, maana injini ilikuwa bado inanguruma.

"Uko wapi?" sauti ikauliza. Sauti ya mwanamume, ya haraka.

Mama mkwe akashika ukingo wa ndoo. Nyundo akainua kichwa. Bi Barafu alikuwa ameinama kwenye mlango wa gari, spana mkononi, na hakuinuka.

"Gereji moja hivi. AC ilikuwa imekufa, mume wangu, ningeungua."

"Gereji gani? Getini pana rangi gani? Nyekundu?"

"Kijani."

Sauti ikapumua. Ilipumua kwa nguvu kiasi kwamba simu ilikwaruza. "Haya. Kijani ni sawa. Wameshafunga?"

"Tumemaliza. Fundi ni hodari kweli. Na mama yuko hapa hapa."

"Nipe fundi, nimwambie kitu."

Mteja akamsogezea Bi Barafu simu. Bi Barafu akaonyesha viganja vyake vyenye mafuta, basi mteja akaishikilia mwenyewe, karibu na mdomo wa fundi.

"Fundi," sauti ikasema, sasa ikiwa na kicheko cha mafundi wanaoongea wenyewe kwa wenyewe. "Huo mpira wa maji, bwana, tafadhali. Mke wangu ana hali. Usije ukaufunga kama mtu anayefunga gunia."

Msomaji, maneno hayo Bi Barafu aliambiwa miaka sita mfululizo, meza ileile, kila alipofunga fundo. Unafunga kama mtu anayefunga gunia. Na kila mara alikuwa akicheka.

Kuna ganzi ya mguu uliokaliwa. Ikiwa imeshika husikii kitu. Inapoanza kuachia ndipo unapouma meno. Ilimwanzia vidoleni, ikapanda mikononi, ikafika kifuani, na Bi Barafu akashika mlango wa gari ili asimame. Iliuma. Tangu mafuriko hakuwahi kuumwa na kitu kiasi hicho.

"Nimeufunga kama gunia," akasema. "Wewe ulinifundisha miaka sita nikashindwa. Leo ningewezaje?"

Injini ilinguruma, baridi ikatoka.

"Nani mwenzangu?" sauti ikauliza. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Marehemu," Bi Barafu akasema.

Huko mbali, kwenye chumba cha baridi, kitu cha chuma kilianguka sakafuni, kikaruka, kikatulia. Hakuna aliyekiokota.

Kisha sauti ikarudi, ndogo, karibu na simu kabisa.

"Usimwambie," ikasema. "Nakuomba. Usimwambie kitu, nakuja sasa hivi."

Simu ilikuwa mkononi mwa mteja.